Gari lenye mikwaruzo: Jinsi ya kulibadilisha kwenye yadi bila kupunjwa

MWENYE gari anapofika kwenye yadi akitaka kuacha gari lake kuukuu na kuondoka na jingine, kitu cha kwanza kukaguliwa si injini. Mfanyakazi wa yadi hulizunguka gari hilo polepole, hupitisha kiganja kwenye milango, huinama kutazama bampa na kuchungulia ukingo wa madigadi, kisha hutaja bei.

Mara nyingi bei hiyo huwa chini mno kuliko aliyoitarajia mwenye gari. Sababu anazopewa ni zile zile: gari limekwaruzwa, limebonyea, au rangi yake imechujuka.

Je, mkwaruzo wa mlangoni waweza kweli kumpotezea mtu makumi ya maelfu ya shilingi? Na je, ni afadhali kuziondoa kasoro hizo kabla ya kwenda yadini, au kulipeleka gari jinsi lilivyo?

Jibu linategemea mambo matatu: aina ya kasoro, gharama ya kuirekebisha ikilinganishwa na kiasi inachopunguza kwenye bei, na namna mapatano yenyewe yanavyofanywa. Hilo la tatu ndilo husahaulika kwa urahisi, ilhali ndilo linaloweza kumgharimu mwenye gari zaidi ya mikwaruzo yote.

Aina tatu za mapatano

Yadi za magari zimetapakaa katika miji mikubwa humu nchini. Jijini Nairobi zinapatikana kwa wingi kandokando ya barabara za Ngong, Kiambu na Mombasa, na mjini Mombasa, karibu na bandari ambako magari hushushwa kutoka melini.

Mengi ya magari yanayouzwa humo yalitumika kwanza nchini Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Pamoja na ushuru unaotozwa bandarini, kanuni hiyo hufanya gari linaloagizwa kuwa ghali, na ndiyo maana magari yaliyokwisha kutumika humu nchini kwa miaka kadhaa yana wanunuzi wake. Yadi hukubali kuyapokea kwa sababu hiyo.

Mwenye gari anapaswa kujua tangu mwanzo ni mapatano ya aina gani anayoyaingia.

Aina ya kwanza ni kubadilisha: anaacha gari lake, linakadiriwa thamani, na anaongeza pesa ili kuchukua jingine. Aina ya pili ni kuuza moja kwa moja, ambapo yadi humlipa pesa taslimu naye huenda zake. Aina ya tatu ni kuliacha gari liuzwe kwa niaba yake, ambapo hapati kitu hadi mnunuzi apatikane.

Katika aina mbili za kwanza, yadi ndiyo hubeba hasara iwapo gari litakaa bila kununuliwa. Katika aina ya tatu, hasara hiyo hubaki kwa mwenyewe. Baadhi ya watu hudhani wamebadilisha gari kumbe wameliacha tu liuzwe, na tofauti hiyo huwadhihirikia wanapoanza kudai pesa zao.

Yadi hupataje bei?

Mwenye yadi hahesabu kuanzia kwa gari lilivyo. Huanza na bei anayotumaini kuliuza, kisha hupunguza kurudi nyuma.

Kwanza huondoa gharama ya kulitengeneza livutie: kunyoosha bodi, kupuliza rangi, kuosha viti na kung'arisha taa. Pili huondoa faida yake. Tatu huondoa kiasi cha kukidhi kodi ya uwanja, mishahara na muda ambao gari litakaa likisubiri mnunuzi.

Chukua mfano wa gari ambalo yadi inatumaini kuliuza kwa Sh800,000. Tuseme imetenga Sh60,000 za matengenezo ya sura, Sh80,000 za faida, na Sh30,000 za gharama nyinginezo. Mwenye gari ataambiwa kuwa gari lake lina thamani ya Sh630,000. Takwimu hizi ni za kueleza hesabu tu, lakini mpango wenyewe ndio huo.

Hapo ndipo kasoro za sura zinapoumiza. Kiasi kinachotengwa kwa matengenezo hukadiriwa kwa macho, katika dakika chache, na mtu ambaye hana sababu ya kukosea kwa kumpendelea mteja. Mkwaruzo ambao fundi angeuondoa kwa Sh8,000 waweza kukatiwa Sh20,000, kwa kuwa mwenye yadi hana hakika kilicho chini yake.

Isitoshe, mikwaruzo humfanya mkaguzi ashuku yale asiyoyaona. Gari lenye madoa kila upande, taa yenye ufa na kioo cha pembeni kilichofungwa kwa gundi humwambia kwamba huenda hata oili haikuwa ikibadilishwa kwa wakati. Ataongeza makato kwa ajili ya shaka hiyo, hata kama injini haina tatizo lolote.

Kutofautisha doa na jeraha

Si kila kasoro inayoonekana ni ya sura tu. Kasoro ya sura ni ile isiyoathiri mwendo wala usalama wa gari. Mlango uliokwaruzwa ni kasoro ya sura. Mlango usiofunga sawasawa kwa sababu nguzo iliyoubeba imepinda ni jambo jingine kabisa.

Barabara za humu nchini zina namna zake za kutia magari alama. Jijini, mikwaruzo mingi hupatikana katika msongamano, ambapo pikipiki za bodaboda hupenya baina ya magari na kugonga vioo vya pembeni. Mashambani, miiba ya vichakani huchora mistari mirefu ubavuni, na kokoto za barabara za murami huchubua boneti na sehemu ya chini ya milango. Pwani, hewa yenye chumvi hugeuza mchubuko mdogo kuwa kutu baada ya muda.

Rangi ya gari ina matabaka kadhaa. La chini huzuia kutu, linafuatiwa na rangi yenyewe, na la juu kabisa ni angavu, nalo ndilo huleta mng'ao. Matabaka yote hayo kwa pamoja yana unene unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita.

Njia rahisi ya kupima kina cha mkwaruzo ni kupitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza bila kukwama, yamkini mkwaruzo umeishia kwenye tabaka la juu na waweza kuondolewa kwa kusuguliwa na polishi. Ukikwama, rangi imekatwa na kupuliza upya huenda kukahitajika. Iwapo chuma kinaonekana, kazi haifai kucheleweshwa, maana kutu itaanza kula bodi.

Kubonyea nako kuna daraja. Sehemu iliyobonyea bila rangi kupasuka yaweza kusukumwa kutoka ndani ikarudi mahali pake, pasi na kupulizwa rangi. Bampa za plastiki zilizobonyea nyakati nyingine hurudi zikipashwa moto kwa maji na kusukumwa. Lakini chuma kilichokunjika na kuacha ukingo mkali huhitaji fundi wa kunyoosha bodi, filla na rangi.

Taa za mbele zilizogeuka manjano ni kasoro nyingine ya kawaida. Hutokana na jua kuunguza plastiki inayofunika taa, na mara nyingi hung'arishwa bila kubadilishwa. Kioo cha mbele kilichodonolewa na jiwe chaweza kuzibwa, ila kikishapata ufa mrefu sharti kibadilishwe, kwa kuwa hapo usalama nao umeguswa.

Nchini Japani ukaguzi wa aina hii umewekewa utaratibu wa maandishi. Kabla ya gari kupigwa mnada, mkaguzi huandika kasoro zake kwenye karatasi yenye mchoro wa gari. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa, S ni kutu na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Nambari inayofuata huonyesha ukubwa, kiasi kwamba A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa.

Kisha gari zima hupewa alama. Lenye 4 au 4.5 huhesabiwa kuwa katika hali nzuri, ilhali herufi R huashiria gari lililowahi kugongwa na kufanyiwa ukarabati.

Mwenye gari anaweza kuiga utaratibu huo. Akilichora gari lake kwenye karatasi mchana peupe, likiwa limeoshwa na kukauka, na kuandika kila alama na ukubwa wake, atafika yadini akijua mengi kuliko anayemkagua. Mkaguzi akidai kuna mbonyeo minane, yeye atakuwa na orodha ya mitatu.

Cha kutengeneza na cha kuacha

Kanuni ya kufuata ni moja: kasoro itengenezwe tu ikiwa gharama yake ni ndogo kuliko kiasi itakachoongeza kwenye bei ya yadi. Njia ya kukijua kiasi hicho ni kuzitembelea yadi mbili au tatu kwanza, kusikiliza makato yanayotajwa, kisha kwenda kwa fundi kuuliza bei.

Kwa kawaida kazi ndogo ndogo hurudisha pesa zake. Miongoni mwazo ni kuosha gari ndani na nje, kuondoa harufu, kupiga polishi, kung'arisha taa, kurudisha vifuniko vya magurudumu vilivyopotea, kubandua stika kuukuu na kubadilisha balbu zilizoungua. Kung'oa mbonyeo mdogo usiohitaji rangi pia ni kazi yenye faida.

Kazi kubwa ni hadithi nyingine. Tuseme kupuliza rangi gari zima kunagharimu Sh90,000, na yadi iko tayari kuongeza Sh50,000 pekee. Mwenye gari atakuwa amejipiga hasara ya Sh40,000 ili kumpendezesha mnunuzi ambaye hata hamjui. Ni heri alipeleke gari jinsi lilivyo na kukubali makato.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba yadi zina mafundi wao wanaopewa kazi kila juma, na huwalipa bei ya chini kuliko anayolipa mteja wa siku moja. Kazi inayomgharimu mwenye gari Sh90,000 yaweza kuigharimu yadi nusu yake.

Aidha, rangi mpya kwenye gari kuukuu huzua maswali. Anayeuza gari lililotoka kupulizwa rangi juma lililopita ataulizwa anaficha nini, na huenda jibu lake lisiaminiwe hata akisema kweli.

Iwapo kazi ya rangi ni lazima, fundi achaguliwe kwa uangalifu. Mafundi wa jua kali walio Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kwingineko wamo wenye ujuzi wa hali ya juu, lakini rangi za metali na nyeupe ya lulu ni ngumu kuoanisha. Mlango uliopulizwa rangi inayokaribia tu ile ya asili huonekana kutoka mbali jua linapoupiga, na hupunguza bei kuliko mkwaruzo uliokuwepo.

Rangi ikibadilishwa kabisa, mathalani kutoka nyeupe hadi buluu, mabadiliko hayo hayana budi kusajiliwa, kwa kuwa rangi ya gari ni mojawapo ya maelezo yaliyomo kwenye logibuku. Gari lisilolingana na logibuku yake halitapokewa kirahisi na yadi yoyote.

Jambo jingine la kuangaliwa ni vipuri. Wakenya wengi huchora nambari ya usajili kwenye vioo vya pembeni na taa ili kuwakatisha tamaa wezi. Mtu anayenunua kioo kilichotumika chenye nambari ya gari jingine na kukifunga kwenye lake, atakuwa ametatua kasoro moja na kuzua swali gumu zaidi kuhusu kipuri hicho kilikotoka.

Kuficha hakufai

Kuna wanaojaribu kuficha kasoro kwa kupaka filla nene, kubandika stika juu ya mchubuko, au kulipeleka gari likiwa limelowa maji ili mikwaruzo isionekane. Hila hizi zinajulikana na kila mkaguzi mwenye uzoefu.

Sumaku hushika bodi ya chuma lakini hailishiki eneo lililojazwa filla. Kuna pia vifaa vidogo vya kupima unene wa rangi, na panapopimwa zaidi ya unene wa kiwandani huonekana mara moja. Matone ya rangi kwenye raba za milango, nafasi zisizolingana kati ya boneti na madigadi, na misumari ya skrubu iliyochubuka husimulia kisa chote.

Kasoro iliyofichwa ikigunduliwa, mapatano hubadilika. Mkaguzi huacha kuhesabu gharama ya mkwaruzo na kuanza kukisia gharama ya ajali. Kutoka hapo, ni vigumu mwenye gari kuaminiwa anaposema kuwa injini haijawahi kufunguliwa.

Kusema uongo kuna hatari nyingine. Mtu akiulizwa iwapo gari limewahi kugongwa na akakana ilhali anajua limewahi, anajiweka katika hatari ya kudaiwa fidia baadaye. Njia iliyo salama ni kuonyesha picha za ajali, risiti za fundi na rekodi za kuhudumiwa kwa gari. Mbonyeo wenye historia inayojulikana hukatiwa pesa kidogo kuliko ule usioelezeka.

Bima kabla ya kwenda yadini

Mwenye bima kamili huenda akajiuliza kama anaweza kuitumia kuondoa mikwaruzo. Kwa kasoro ndogo, mara nyingi haifai. Bima nyingi humtaka mwenye gari agharimie kiasi fulani cha kwanza cha hasara mwenyewe, na mkwaruzo mmoja waweza kugharimu chini ya kiasi hicho. Juu ya hayo, anayedai hupoteza punguzo analopewa mtu asiyedai chochote kwa mwaka.

Hali ni tofauti pale gari lilipogongwa na kuharibika kwa kiasi kikubwa. Dai la aina hiyo lifaa kumalizwa kabla ya gari kubadilishwa, kwa kuwa bima haimfuati mmiliki mpya. Anayekabidhi gari anapaswa pia kuiarifu kampuni ya bima, na anayechukua gari jingine asiliendeshe hadi litakapokatiwa bima yake. Sheria, Sura ya 405, inafanya kuwa hatia kuendesha gari barabarani bila bima ya kukinga watu wengine.

Bei mbili, si moja

Kosa kubwa zaidi hutendeka mezani, wala si kwenye karakana. Mwenye gari hufurahia kusikia gari lake kuukuu limepewa bei ya juu na kusahau kutazama bei ya analolichukua.

Chukua mfano wa yadi mbili. Ya kwanza inasema itachukua gari lake kwa Sh630,000 na kumuuzia jingine kwa Sh1,400,000. Ataongeza Sh770,000. Ya pili inamsifu kwa kulitunza gari, inapuuza mikwaruzo, na kumpa Sh700,000, ila gari lile lile anauziwa kwa Sh1,500,000. Ataongeza Sh800,000.

Yadi iliyompa Sh70,000 zaidi kwa gari lake ndiyo imemtoza Sh30,000 zaidi mfukoni. Makato ya mikwaruzo hayakuondolewa, bali yalihamishiwa kwenye gari jipya.

Kwa hivyo, kiasi cha kulinganishwa baina ya yadi ni nyongeza, yaani pesa anazotoa mteja ili aondoke na gari analolitaka. Ni busara kwanza kuuliza bei ya pesa taslimu ya gari linalouzwa, kana kwamba hakuna gari la kubadilisha, na kupatana hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo gari kuukuu litajwe.

Vivyo hivyo, makato yatajwe moja baada ya jingine. Mteja anayeambiwa kuwa gari lina kasoro nyingi ana haki ya kuuliza ni zipi na kila moja imekatiwa kiasi gani. Akiwa na bei alizopewa na fundi kwa maandishi, anaweza kusema kwamba bampa wanayoikatia Sh30,000 itatengenezwa kwa Sh12,000, na kuwaachia uamuzi.

Anayetaka kujua thamani ya gari lake bila kutegemea neno la mnunuzi anaweza kulipeleka kwa mthamini, mathalani AA Kenya, akapewa ripoti kwa malipo. Pia alinganishe na bei ambayo angepata kwa kumuuzia mtu binafsi. Yadi kwa kawaida hutoa kidogo kuliko mtu binafsi, na tofauti hiyo ndiyo malipo ya kuepushiwa simu za madalali na wageni wanaotaka kulijaribu gari barabarani.

Gari analolichukua

Ukali uleule ambao yadi ilitumia kukagua gari la mteja, mteja autumie kwa gari la yadi. Linalong'aa huenda lilipita kwa fundi yule yule wa rangi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Bidhaa sharti ziwe na ubora unaokubalika. Hata hivyo, sheria hiyo inasema kwamba mnunuzi akizikagua bidhaa, hana kinga kuhusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulifaa kuzifichua. Mkwaruzo alioupita bila kuuona ni wake pindi atakapotia saini.

Hivyo basi, kasoro zote za gari la yadi ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na zile ambazo yadi imeahidi kutengeneza na tarehe ya kukamilika. Ahadi ya mdomo kwamba taa itabadilishwa wiki ijayo ni vigumu kuithibitisha.

Kama gari limetoka Japani, mteja aombe karatasi ya mnada na kuilinganisha na gari lenyewe, hasa nambari ya chesisi, kilomita lililosafiri na alama za W na XX. Fundi wake binafsi alikague pia.

Mkataba utaje bei ya kila gari kwa shilingi, badala ya kuandika tu kuwa magari yamebadilishana. Sheria hiyo inaeleza mauzo kuwa ni kuhamisha umiliki wa bidhaa kwa malipo ya pesa, na mkataba usiotaja bei humfungulia mtu mlango wa mabishano.

Logibuku isibaki nyuma

Mteja akishapewa funguo za gari jipya, hamu yake kwa lile kuukuu hukoma. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote hujificha.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 humtaka anayelitoa kuarifu msajili katika muda wa siku saba, na kinakataza gari hilo kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa.

Baadhi ya yadi hupendelea kuliacha gari katika jina la mwenyewe wa kwanza hadi mnunuzi apatikane, ili kuepuka ada ya kulihamisha mara mbili. Muda huo waweza kuwa miezi. Gari likimgonga mtu au likitumiwa katika uhalifu, ni jina la mwenyewe wa kwanza litakalotokea kwenye rekodi. Anaweza kujitetea kwa kuonyesha mkataba, lakini atafanya hivyo mbele ya polisi au mahakama.

Siku hizi uhamisho hufanywa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, kwenye huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Anayelitoa gari huanzisha ombi, naye anayelipokea hulikubali. Mwenye gari asikabidhi funguo kabla ya ombi hilo kukubaliwa, au angalau kabla ya kupata hati iliyotiwa saini yenye tarehe, saa, kilomita na jina la aliyelipokea.

Akiwa bado ana mkopo, logibuku huwa na jina la benki pamoja na lake, na gari haliwezi kuhamishwa hadi benki iondoe jina lake. Yadi yaweza kukubali kulipa salio hilo na kulitoa kwenye thamani ya gari, lakini malipo yapelekwe benki moja kwa moja.

Kwa upande wa gari analolichukua, afanye utafutaji wa rekodi za NTSA kwa ada ndogo, ili ajue ni la nani na kama lina deni. Ikiwa jina lililomo si la yadi, aulize ni kwa idhini ya nani yadi hiyo inaliuza.

Mambo ya kufanya kwa mpangilio

Kwanza, mwenye gari alioshe, alikague mchana na kuandika kila kasoro. Pili, apate bei za yadi tatu na bei ya fundi kwa kila kasoro. Tatu, atengeneze zile tu zinazorudisha gharama zake, na kuzieleza zilizobaki bila kuficha.

Nne, apatane bei ya gari jipya kabla ya kulitaja lake, kisha alinganishe nyongeza. Tano, alikague gari la yadi kwa ukali alioonyeshwa yeye. Sita, asiondoke kabla ya mkataba kutiwa saini, bima kukatwa na ombi la kuhamisha logibuku kukubaliwa.

Mkwaruzo wa mlangoni waweza kumpunguzia mtu elfu chache, nazo zinaweza kuhesabiwa na kujadiliwa mezani. Logibuku iliyosahaulika yadini haina kikomo cha gharama.